Pongezi kwa Bunge la Norway kwa Kuzihurumia Meli Kubwa

Waheshimiwa Wabunge,
Stortinget,
Oslo.

YAH: PONGEZI KWA KUZIHURUMIA MELI KUBWA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Mtanzania, mpenda milima, na nimewahi kuwa mmoja wa abiria walioshushwa melini kwenda kuliona bonde la Flåm. Wauza safari hulinadi kuwa bonde la mbali, lenye utulivu wake. Utulivu huo tuliufuata watu elfu kadhaa kwa mpigo, asubuhi moja, kutoka kwenye meli iliyokipita kimo kijiji kizima. Wakazi wa Flåm ni mamia machache tu, kwa hiyo tuligawana utulivu wao kwa haki na kila mgeni akapata chembe yake.

Reli yenu ya Flåm siikejeli. Ilifunguliwa mwaka 1940, ina urefu wa kilomita 20 hivi, na inapanda kutoka ufukweni hadi mita zaidi ya 860 kwenye stesheni ya Myrdal. Kati ya mahandaki yake 20, 18 yalichimbwa kwa mikono. Njiani unaliona kanisa dogo la mbao la mwaka 1667, kisha maporomoko yanayomwaga maji kutoka juu ya miamba kana kwamba hayana mwisho. Waliochonga njia ile ni wanaume wa kazi, na ningewavulia kofia kama upepo wa Myrdal usingekuwa umeshanivua.

Tulipofika kwenye maporomoko ya Kjosfossen treni ilisimama. Tukamwagika kwenye jukwaa la mbao lililolowa manyunyu, simu juu, viwiko ubavuni mwa jirani. Ghafla muziki ukatoka kwenye spika, na mwanamke mwenye gauni jekundu akachomoza mwambani akicheza. Huyo ni huldra, jini wa misitu yenu anayewapoteza wanaume. Akatoweka, akachomoza upande mwingine kwa kasi ambayo hata jini angehitaji msaidizi. Kisha filimbi ikalia, sote tukarudi behewani, hakupotea hata mwanamume mmoja. Kwetu jini hutafutwa kwa ubani na uvumilivu. Wa kwenu anaijua ratiba ya treni. Huo ndio uongozi bora.

Sasa niingie kwenye pongezi zenyewe. Treni ile inakwenda kwa umeme, kwa hiyo mgeni anapanda mlimani bila kuacha moshi nyuma yake. Huku chini, meli isiyochomekwa umeme wa nchi kavu inaendelea kunguruma ili majokofu na viyoyozi visizimike wakati wenyewe tumekwenda kuvuta hewa safi. Siku isiyo na upepo, moshi wa meli hunasa kati ya kuta za fiodi, ule mkono wa bahari kati ya milima, kama mgeni asiyeaga.

Mliliona hilo, waheshimiwa. Fiodi ya Nærøy, jirani na Flåm, na ya Geiranger zimo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2005, na mwaka 2018 mliazimia kwamba meli za utalii na vivuko visitoe hewa chafu katika fiodi za urithi mapema iwezekanavyo, na isizidi 2026. Dunia ikapiga makofi, nami nikapiga. Kisha serikali yenu ikakaa na kanuni zake, ikaja na busara hii: vyombo vya abiria vya chini ya tani 10,000 za ujazo vianze Januari 2026, vikubwa zaidi ya hapo vingoje hadi 2032.

Yaani boti inayobeba wachache itangulie kuwa safi, na ile inayoshusha maelfu ipewe miaka sita ya kujifikiria. Sababu zimetolewa: teknolojia haijawa tayari, na bandari zingeumia. Ni sababu nzuri. Kila mwenye jiko kubwa huzitoa.

Nasema jiko kwa sababu kwetu tuliagizwa kinyume. Serikali ya Tanzania ilipoamua kuachana na kuni na mkaa, ilianza na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku: shule, magereza, kambi. Mama ntilie mwenye sufuria moja hakuwekwa mstari wa mbele. Kumbe tulikosea utaratibu, na ninashangaa hamkutuonya. Mwaka 2008 nchi yenu iliahidi kutupatia krone milioni 500 tulinde misitu na hewa ya dunia. Pamoja na fedha hizo mngeambatanisha kanuni hii, kwamba moshi hupimwa kwa umaarufu wa anayeutoa.

Kwa heshima naomba mambo mawili. Kwanza, meli kubwa zinapokaribia Flåm zitangaze kwa vipaza sauti jinsi zinavyoguswa na utulivu wa bonde. Pili, kama huldra ataendelea kutoka kila treni inaposimama, alipwe mshahara wa mwambani pamoja na posho ya kuvuta moshi.

Ama sivyo, waheshimiwa, rudisheni tarehe mliyoiandika wenyewe 2018, na mwaka uwe 2026 kwa wote, kubwa na ndogo.

Wenu katika kupanda milima,
Abiria wa daraja la chini