Nahodha Ambaye Hajazaliwa

Kwa mjomba wangu mpenzi na jamaa wote wa barazani, Kibokoni, Mombasa.

Nawaarifu ya kwamba mimi huku Iowa ni mzima, wala sina la kushitakia ila wali usiotiwa nazi. Na kwa kuwa uliniuliza, mjomba, watu hawa wasio na baraza hukutana wapi wakagombana kwa raha zao, nimeona nikujibu kwa taarifa ya mji mmoja uitwao Riverside, ulio kusini ya Iowa City ninapokaa, wenye wakazi wapatao elfu moja tu, ambao kila mwaka mwishoni mwa mwezi wa Juni hufanya sherehe ya kumwadhimisha mwana wao mashuhuri, Nahodha James T. Kirk, ambaye bado hajazaliwa.

Usidhani kalamu imeteleza. Pana jiwe lililochongwa tarehe ya kuzaliwa kwake, nayo ni 22 Machi 2228. Nahodha huyu ni mtu wa hadithi, mkuu wa merikebu ya anga iitwayo Enterprise katika tamthilia ya televisheni ya Star Trek, aliyoibuni bwana Gene Roddenberry, ikaonyeshwa tangu mwaka 1966 hata 1969. Na kwa sababu ilikwisha kusemwa kuwa nahodha atakuwa mzaliwa wa mji mdogo wa Iowa pasipo kuutaja mji wenyewe, madiwani wa Riverside walikutana mwaka 1985 wakakata shauri kuwa mji huo ni wao, na Roddenberry akaridhia. Kwetu hata nguo za mtoto hazishonwi kabla mama hajajifungua, kwa kuchelea husuda. Hawa wamewatangulia wakunga kwa zaidi ya miaka mia mbili. Na juu ya hayo wanazuoni wa hadithi hii husema jiwe limekosea, kwamba mwaka sahihi ni 2233, lakini sikuona mtu wa Riverside aliyekuwa tayari kulichonga upya.

Gwaride nililitazama kwa adabu. Nililoliendea hasa lilikuwa chini ya turubai, penye meza ya sharubati ya ndimu, ambapo watu wazima wenye wajukuu walikuwa wakishindana ni ipi bora katika filamu kumi na tatu zilizotokana na tamthilia ile, kuanzia ya mwaka 1979 hata ya 2016. Nilipojulisha kuwa lugha yangu ni Kiswahili nilipewa kiti cha mbele papo hapo, kwa heshima ya Bi Uhura, afisa wa mawasiliano wa merikebu ile, ambaye katika hadithi ni mzungumzaji wa Kiswahili. Wakaniona kana kwamba mimi ni binamu yake, nami sikukanusha, maana kiti kilikuwa kivulini.

Sasa sikilizeni fikihi yao. Wana kanuni kongwe kuwa filamu za hesabu ya shufwa ni njema na za witiri ni mbovu. Ya pili, ya Khan, adui wa nahodha, iliyotoka 1982, ni johari. Ya nne na ya sita wanazipenda. Ya kwanza inawasinzisha, kwa vile nahodha huzungushwa ndani ya kichombo kuitazama merikebu yake dakika baada ya dakika pasipo jambo lolote kutukia. Na ya tano, ya mwaka 1989, ambayo William Shatner, mwigizaji wa nahodha, aliiongoza mwenyewe, huenda hata katikati ya galaksi kumtafuta Mwenyezi Mungu, ikamkuta laghai. Kwa miaka mingi kanuni ilisimama imara. Kisha mwaka 2002 ikatoka ya kumi, Nemesis, ikawa mbovu ingawa ni shufwa, na mwaka 2009 ikatoka ya kumi na moja, ikapendwa ingawa ni witiri.

Mtu wa kawaida angeiacha kanuni. Mzee mmoja mwenye masikio ya mpira yaliyochongoka, mfano wa yale ya Spock, afisa mwenzake nahodha, alinieleza bila kupepesa jicho kuwa kanuni haina kasoro, ila hesabu ndiyo iliyopunguka: mwaka 1999 ilitoka filamu ya mzaha, Galaxy Quest, isiyo ya ukoo huu kabisa, yenye kisa cha waigizaji wa tamthilia ya angani ambao viumbe wa sayari nyingine waliwadhania kuwa mashujaa wa kweli; ukiihesabu hiyo kuwa ya kumi, Nemesis inakuwa ya kumi na moja, ya 2009 inakuwa ya kumi na mbili, na ulimwengu unatengemaa. Wala si rai yake peke yake, kwani mwaka 2013, katika mkutano wa mashabiki mjini Las Vegas, waliozipanga filamu kwa daraja waliichomeka Galaxy Quest humo, ikapata nafasi ya saba, huku wakiitupa mkiani Into Darkness, iliyokuwa imetoka mwaka uo huo. Nimewahi kusikia hila za urithi na mipaka ya mashamba, lakini hii ya kumpa mtoto wa jirani nasaba ili hesabu ya ndugu itimie, sijapata kuisikia.

Juu ya filamu ya Khan palikuwa na ijmai karibu kamili, nami naikubali nusu. Ni kweli kuwa Ricardo Montalbán, aliyemwigiza Khan, aliigiza uhasama hata ukauonea huruma, na kwamba kifo cha Spock kiliwaliza watu wazima. Lakini zingatieni kuwa Khan na Kirk, katika filamu nzima ya kisasi chao, hawasimami chumba kimoja hata mara moja, bali hutukanana kwa kioo, kila mmoja akiwa salama ndani ya merikebu yake. Niliposema hivyo mwalimu mmoja mstaafu, aliyevaa sare nyekundu ya mabaharia wa anga, alinipa bilauri ya pili ya sharubati.

Juu ya ile ya tano sikungoja kuulizwa. Ndani yake Bi Uhura, mwanamke mtu mzima mwenye cheo, huwekwa juu ya kilima cha mchanga usiku acheze ngoma ya mapepeo ili walinzi watoke mahali pao! Nikawaambia kwamba kama jamaa yake nilikuwa na haki ya kudai fidia. Kwani bibi Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alitaka kuiacha tamthilia baada ya mwaka wa kwanza, naye alikuwa akisimulia kuwa ni Martin Luther King aliyemsihi abaki, kwa sababu watu weusi walimwona mle akiwa mtu mwenye kazi yake na hadhi yake. Na sidhani Daktari King alikuwa na kilima kile akilini. Hakuna aliyeitetea filamu, hata aliyekuwa amevaa fulana yake.

Fitina yenyewe ilizuka kwa ile ya 2009, ambayo mahali pengine popote Marekani ingepita kwa amani. Wengine wakaisifu kuwa imeutaja mji wao kinaga ubaga, ikaujengea na karakana ya merikebu za anga. Wengine wakaghadhibika, kwa kuwa katika filamu hiyo Kirk hazaliwi Riverside wala Iowa, bali angani, ndani ya chombo cha kuokoa watu, baba yake akifa vitani. Kama alizaliwa angani, jiwe ni la nini? Mwenye masikio akatoa fatwa kuwa filamu ile ni ya zama nyingine zilizochepuka baada ya mtu wa siku zijazo kuirudia historia na kuivuruga, hivyo Kirk wa asili yumo bado katika tumbo la wakati, na atazaliwa papa hapa kama ilivyoandikwa. Makofi yakapigwa, na muuza vikombe vya ukumbusho, niliyemwona amesita, akaendelea kuuza.

Ndipo ikaja zamu ya kura, wakanitaka nitaje yangu. Nikataja ya nne, ya 1986, iliyoongozwa na Leonard Nimoy, Spock mwenyewe. Ndani yake hamna adui: chombo cha kigeni kinaijia dunia kikitafuta sauti ya nyangumi wenye nundu, wale wapitao hata mbele ya Watamu wakati wa kusi, na kwa kuwa binadamu wamekwisha kuwamaliza, Kirk na wenzake wanarudi nyuma ya wakati hadi San Francisco kuchukua wawili. Lakini si nyangumi walionipa hukumu. Kuna mahali Bi Uhura na mwenzake Chekov, mwenye lafudhi nzito ya Kirusi, wamesimama njiani wakiwauliza wapita njia, hata askari polisi, ziliko manowari za nyuklia, na watu wanawapita kama upepo, na askari anawakodolea macho pasipo jibu. Mjomba, filamu kumi na mbili nyingine zimejaa maajabu ya sayari za mbali, lakini hii peke yake imejua jinsi inavyokuwa kuuliza njia katika mji wa watu kwa ulimi wa kwenu.

Mwalimu mstaafu, aliyekuwa mhesabu kura, akaandika kura yangu mara mbili, moja yangu na moja ya Bi Uhura kwa uwakala wa ukoo. Mwenye masikio akapinga kwamba Bi Uhura naye hajazaliwa, hivyo hawezi kuwakilishwa. Mwalimu akamwuliza, je, Kirk amezaliwa? Nilipoondoka kuwahi gari la mwenzangu walikuwa wakilitafuta jibu, na sharubati imekwisha.

Nisalimie Bibi na watoto wote, na fundi Omari mwambie ile kanzu bado inanitosha.

Wako mtiifu, mpwao.