Waziri Katika Mji wa Makhalifa

Mtu aliyezaliwa Mji wa Kale wa Mombasa, akasomeshwa chuoni kwa madhehebu ya Imamu Shafi, hufunzwa tangu utotoni kwamba mate ya mbwa hayatoki ila kwa kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Basi msomaji na akadirie hali yangu, mimi niliyesafiri kwa gari kutoka Utrecht hadi Córdoba, masafa yazidiyo kilomita 2,000, siku tatu kutwa, ilhali nyuma ya kisogo changu akihema mbwa wa mama mkwe wangu, kwani mama huyo alikuwa akiuguza goti. Jina la mnyama huyo ni Waziri. Jina nilimpa mimi, kwa mzaha. Yeye alilipokea kama cheo.

Mke wangu, Mholanzi aliyefunzwa Kiswahili na mamangu jikoni, alikuwa amenihakikishia kwamba vichochoro vya Córdoba ni kama vya kwetu, nami nikasadiki, hata vioo viwili vya gari vilipogusa kuta mbili kwa wakati mmoja. Kwetu kichochoro kama kile hupita punda, tena hupita kwa adabu. Nikarudi kinyumenyume, wazee wawili waliokaa vitini mlangoni wakinielekeza kwa mikono, mmoja kulia, mmoja kushoto, na Waziri akimbwekea kila mmoja kwa insafu.

Ilikuwa Julai, mwezi ambao joto la mji ule mara kwa mara huvuka digrii 40. Tulipofika daraja la Warumi, Waziri alikanyaga mawe hatua mbili, akainua mguu, akautazama, akaketi. Sikuwa na hila. Nikambeba kama mtoto, naye uzito wake si haba, nikavuka naye mto Guadalquivir, ambao si mwingine bali Wadi al-Kabir ya Waarabu iliyochakaa vinywani mwa Wahispania, huku nikihesabu kimoyomoyo: shavu la kulia, mara saba, sikio, mara saba, shingo, mara saba.

Ng'ambo ndiko uliko Msikiti, ulioanzwa na Abdurrahman wa Kwanza mwaka 785, wenye nguzo 856, na ambao Wakristo, walioutwaa mji mwaka 1236, walikuja kujenga kanisa kuu katikati yake kuanzia 1523. Tangu udogo wangu nautamani. Mbwa haingii.

"Tangulia, bibi," nikamwambia mke wangu, "ukitoka nitaingia mimi." Ukarimu huu nimeujutia hata leo.

Nikaketi mkahawani, chini ya midanzi, nikaagiza salmorejo, ambayo ni supu baridi ya nyanya, mkate, vitunguu saumu na mafuta ya zeituni, nzito kama uji. Ikaja imenyunyiziwa vipande vya nguruwe. Nikaviokota kimoja kimoja kwa ncha ya kijiko, nikavitupa chini ya meza, na kwa muda wa dakika tano mimi na Waziri tulipatana kuliko wakati wowote wa safari ile. Kisha akaokota danzi bichi lililoanguka, akaling'ata, akanitazama kwa lawama kana kwamba nimelipanda mimi, akaanza kuchuruzika mate hata kiatu changu kikalowa.

Mke wangu alitoka baada ya saa mbili, akitembea taratibu kama mtu aliyeamshwa ndotoni. Nikamkabidhi kamba, nikatimua mbio hadi mlangoni. Bawabu akanionyesha saa yake, akatikisa kichwa kwa huruma. Nasi alfajiri tulikuwa tuondoke.

"Usihuzunike, bwana, nimekupigia picha," akasema mke wangu, akanipa simu yake. Nikaziona: matao juu ya matao, mekundu na meupe, nguzo zikififia gizani kama msitu wa minazi magharibi. Nikaisogeza karibu ili nione mihirabu. Waziri naye, asiyependa kuachwa nyuma katika jambo lolote, akainua kichwa akakiramba kioo kizima, chini hadi juu, kwa ulimi mmoja mrefu.

Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nikabaki nimeishika simu kwa vidole viwili, nikitafakari: maji mara saba, sawa, lakini ule udongo, nitautilia tundu lipi?