Filamu ya Familia, Lakini Familia Gani?

Mhakiki anayetazama filamu ya familia peke yake, mlango umefungwa na nyaya masikioni, anaonja bukari bila mboga halafu anatoa hukumu ya mlo mzima. Wapenda sinema wa Lubumbashi wenye subira wanayo Halle de l'Étoile ya Taasisi ya Kifaransa. Wanaingia, wananyamaza, wanapiga makofi majina yanapopita. Hao wana wahakiki wao. Mimi ni mhakiki wa lupango, ua wetu wa nyumba kadhaa: Jumamosi jioni, televisheni imetolewa barazani, kambo, mzee wetu wa ukoo, amefunikwa blanketi, watoto wamelala chini kwa matumbo, na Tantine, dada wa baba yangu, ameshika kiti cha mbele kwa haki ambayo hakuna aliyewahi kuihoji. Filamu isiyoweza kumshinda Tantine kwa sauti haina kazi kwetu.

Filamu nyingi za familia kutoka Marekani zinaharibikia kwenye hesabu. Familia yao ni watu wanne na mbwa. Shida yao haibadiliki: baba anafanya kazi mno, anakosa kumwona mwanawe akiimba shuleni, na mwishoni anakimbia kwenye mvua, tai imepinda, kwenda kuomba msamaha. Kwetu baba yuko nyumbani. Yuko nyumbani tangu asubuhi, na rimoti anayo yeye. Watoto wake wangechanga pesa apate kazi ya kumchelewesha.

Coming 2 America ya mwaka 2021 nitaipitia haraka, kama ilivyonipitia. Eddie Murphy amerudi Zamunda baada ya miaka 33, nguo ni nzuri kuliko maneno, na katika ufalme mzima wa Kiafrika umeme haujakatika hata mara moja. Hapo ndipo lupango zima lilipoacha kuamini. Mufasa, ile ya Desemba 2024 aliyoiongoza Barry Jenkins, ina simba waliochorwa kwa uhalisia kiasi kwamba hawana nyusi za kuonyesha huzuni; watoto walikuwa wakiulizana nani analia na nani anapiga miayo. Jirani mmoja aliposikia kwamba jioni kwetu kutakuwa na Simba alikuja na bilauri yake. Katika mji unaopika bia ya jina hilo, huwezi kumlaumu. Alikaa hadi mwisho, na hadi leo anasema aliahidiwa.

Wafaransa wana bahati zaidi nasi, kwa sababu familia zao za filamu zinagombana mezani. Qu'est-ce qu'on a fait au Bon Dieu ? ya mwaka 2014 iliuza tiketi zaidi ya milioni 12 kwao: mzee mmoja Mkatoliki, anayechezwa na Christian Clavier, ana mabinti wanne, na kila mmoja anamletea mkwe ambaye hakumtarajia. Mabinti watatu wanaolewa mbele ya meya kabla hujapata pa kuweka miguu. Tantine alisimamisha filamu.

"Na mahari?"

Tukamweleza kwamba kule ni ofisi ya meya, sahihi, basi.

"Batoto batatu, hata mbuzi moja? Ile si kuchekesha. Ile ni wizi."

Kuanzia hapo aliitazama filamu kama hakimu anayesoma faili. Mkwe wa nne, Charles, mtoto wa Côte d'Ivoire, alipoleta baba yake mkali, mzee Koffi, Tantine alimshangilia yule baba peke yake. Mwandishi wa filamu alimtunga mzee Koffi achekwe kwa ukaidi wake. Kwenye lupango letu aliondoka akiwa mtu pekee mwenye akili timamu. Nakubaliana na Tantine. Filamu inacheka na ubaguzi wa Clavier kwa mkono laini mno, kisha inawapatanisha wazee wawili kwa kuwalewesha, kana kwamba pombe haijawahi kufanya kinyume chake.

Ile tunayoipenda kweli ni Bienvenue à Marly-Gomont ya mwaka 2016, na sababu ya kwanza ni ya kikabila kabisa: mwigizaji mkuu, Marc Zinga, amezaliwa Likasi. Ni karibu, mtu wa Likasi tunamhesabu kama mtoto wa nyumba ya pili. Ni kisa cha kweli alichokiandika mwanamuziki Kamini kuhusu baba yake, Seyolo Zantoko, daktari kutoka Zaire aliyemaliza masomo Ufaransa mwaka 1975 na kukubali kazi katika kijiji kidogo cha Marly-Gomont ambacho hakijawahi kuona mtu mweusi. Katika filamu anakataa kwanza kuwa daktari wa Mobutu. Tulifika hapo tukakwama.

"Amekataa?" Tantine aliuliza. "Munganga wa Mobutu atakosa nyama?"

Mzee wa nyumba ya nyuma, mstaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines, akajibu kwamba munganga wa Mobutu angeweza kukosa vingine, vya maana kuliko nyama. Mwingine akasema enzi zile angalau mshahara ulifika. Yakazuka mabishano ambayo yamezikwa na kufufuliwa katika mji huu tangu Mobutu aanguke mwaka 1997, na wakati yanaendelea, Zinga alihamisha familia nzima, akadharauliwa na wagonjwa, akanyeshewa, akajifunza kunywa na wanakijiji, na hakuna aliyemwona vizuri ila watoto. Hapa natoa hukumu ya kitaalamu: filamu iliyoweza kuendelea kueleweka baada ya nusu saa ya siasa ni filamu iliyojengwa vizuri. Familia ya Aïssa Maïga, anayemcheza mke wa daktari, iliposhuka imevaa kama inakwenda Paris na kukuta tope, hata wabishi walinyamaza kwa muda. Ndugu wa Ubelgiji walipoingia kanisani na kuimba kwa sauti ya kwetu mbele ya Wafaransa wanaonong'ona, kambo aliimba nao chini ya blanketi.

Kisha umeme ukakatika, wakati binti wa daktari anacheza mpira na kijiji kinaanza kulainika. Watoto wakapiga kelele. Tantine akawaambia wakae, akamalizia filamu mwenyewe gizani: binti alifunga mabao saba, daktari akapewa ng'ombe na meya, akauza ng'ombe, akarudi Likasi kufungua hospitali, na wale Wafaransa waliomkataa wakaja kutibiwa kwa kupanga foleni juani. Kesho yake tuliona mwisho halisi. Seyolo Zantoko alibaki Marly-Gomont hadi alipofariki mwaka 2009. Watoto walidai ule wa Tantine.

Sasa nifike kwenye Supa Modo, ambayo ndiyo filamu bora ya familia iliyotoka Afrika Mashariki katika miaka ya karibuni, na ambayo sitairudia tena nyumbani kwetu. Likarion Wainaina aliitoa mwaka 2018, ikaenda Berlin, Kenya ikaichagua iiwakilishe kwenye Oscar. Jo ni msichana mdogo mgonjwa asiyeweza kupona. Anapenda mashujaa wa sinema, basi kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea filamu ambayo shujaa wake ni yeye. Inachekesha kwa namna ninayoipenda: watu wazima wanajifanya kushindwa na nguvu za mtoto, kila mmoja kwa kipaji chake kibovu. Stycie Waweru, anayemcheza Jo, hadanganyiki hata kidogo, na hapo ndipo uzuri ulipo. Lugha tunaielewa, ingawa Tantine alisema wale watu wanaongea Kiswahili kama wanaokimbilia basi. Na ni dakika 74 tu. Wakubwa wa Hollywood wangejifunza hilo kabla ya mengine yote.

Lakini Jo anakufa. Ilipofika hapo, Tantine alianza kulia, na Tantine halii kwa leso. Kambo akadakia. Mama wa watoto, jirani wa kushoto, watoto wenyewe, wote wakaingia, na sauti ikapanda juu ya ukuta hadi barabarani, saa tatu ya usiku. Kidogo mlango wa lupango ukafunguliwa. Mama mmoja wa mtaa wa pili akaingia amejifunga kitenge kiunoni, mikono kichwani.

"Muko nalia nani?"

"Mutoto!" Tantine akajibu katikati ya kwikwi.

"Mutoto gani?"

"Wa Kenya!"

Yule mama alikaa chini, akalia naye kwanza, kama inavyopasa, kisha akauliza swali la mtu mwenye utaratibu: "Kenya avenyu gani?"

Kwa msomaji wa mbali: Kenya ni komini ya hapa hapa mjini, ina soko kubwa, na kila mtu ana ndugu huko. Kabla sijapata nafasi ya kueleza kwamba marehemu ni wa nchi nyingine na isitoshe hakuwahi kuwapo, wanaume wawili walikuwa wameshaleta viti, mmoja akauliza kuni ziwekwe wapi, na mzee wa Gécamines alikuwa amefungua daftari la michango. Ukweli ulipojulikana walicheka, wengi wao. Viti vilirudi. Zile pesa chache za daftari zilizua mjadala mrefu, mwishowe zikanunua mkate na chai kwa wote, kwa kuwa kilio, hata cha filamu, hakivunjwi kwa mikono mitupu. Mhakiki wa kawaida angeipa Supa Modo nyota. Mimi nasema imechangiwa.

Tukarudi kwenye filamu zetu za zamani tukidhani ni salama. La vie est belle ya mwaka 1987, Papa Wemba akiwa kijana, nyimbo tamu, muongozaji mwenza Ngangura Mweze mtoto wa Bukavu: nani angeogopa? Nilikuwa nimesahau kwamba nusu ya kisa ni tajiri aliyepungukiwa nguvu za kiume na masharti ya mganga wake. "Papa, huyu bwana anaumwa wapi?" Mtoto aliuliza mbele ya wote. Mzee wa Gécamines alisema malaria. Ni filamu nzuri, bado inachekesha vizuri kuliko nyingi za leo, ila tazameni watoto wakiwa wamelala.

Nina wazee wanaosema ucheshi wa kifamilia ulikufa na Matamata na Pilipili, yule mnene na yule mwembamba ambao padri Albert Van Haelst aliwapiga picha huko Kasai miaka ya 1950 ili wafundishe watu adabu. Mzee mmoja wa Kananga anayeishi mtaani kwetu anakumbuka kila anguko la Matamata. Nikimuuliza fundisho lilikuwa nini, ananitazama kama nimeuliza namba ya tiketi. Na Lubumbashi tulikuwa na kundi la Mufwankolo, kwa Kiswahili chetu, kwenye televisheni: mume mwongo, mke aliyemshtukia, jirani anayejua yote. Mwaka 1986, mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwaona wakitunga mchezo mzima kutoka methali moja juu ya madaraka, bila maandishi, kwa kubishana tu mazoezini. Aliuandikia kitabu. Kwetu ilikuwa kazi ya wiki.

Kwa hiyo ninyi vijana wa Lubumbashi wenye kamera, wa kituo cha sanaa cha Picha na wa popote, sikilizeni mteja wenu. Tunataka kichekesho cha Kiswahili cha hapa, chenye shangazi, mahari na jirani asiyealikwa. Kisizidi dakika 75, maana umeme hautusubiri. Mtoto asife. Mkimaliza, kileteni kwetu Jumamosi yoyote. Tantine hana miadi.