Pasipoti ya Beberu

Fomu ya sekondari ya binti yetu ilidai pasipoti saizi nne, pazia la bluu. Kijana wa picha huja Malambo siku ya mnada, ila mama watoto aligoma: "Tukapange foleni mnadani, na kaka yangu mwenye kamera ya mamilioni yupo hapa likizo?"

Shemeji hupiga picha za wanyama kwa watalii upande wa Ndutu. Akachomoa lenzi ya milimita 600, nene kama kibuyu cha maziwa. Sebuleni akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, bado ukungu.

"Hii haishiki kitu kilicho chini ya mita 4 na ushee," akasema.

Sebule yetu ni mita 3. Tukatoka nje. Binti akaenea uso tu, masikio nusu.

"Basi tuanze na ya familia."

Ili tuenee sote sita, shemeji akarudi nyuma, akapita jiko, akapita zizi, akakomea kwenye mgunga, hatua sitini nzima. Maelekezo yakawa yanakuja kwa simu: "Bibi, kidevu juu!" Jua la saa saba lilikuwa limetuchimbia mashimo machoni.

"Vumilieni," simu ikasema. "Mpiga picha Hugo van Lawick aliishi kwenye mahema Ndutu miaka na miaka, akisubiri fisi na mbwa mwitu."

Mama watoto akainyakua. "Huyo alisubiri fisi, kaka. Mimi wali unaungua."

Kamera ikalia: ka! Tukakimbilia kioo chake. Beberu wetu alikuwa amekatiza, na kamera imepangwa kusaka jicho la mnyama. Ililipata. Kope zilihesabika, vumbi la kwenye pembe lilionekana chembe kwa chembe. Nyuma yake sisi sita tulikuwa madoa, shuka ya bibi ikiwaka kama moto wa mbali.

Siku ya mnada kijana alitundika kitenge cha bluu kivulini, akamkalisha binti. "Fumba macho. Nikifika tatu, fumbua." Dakika tano, picha nne zikatoka kwenye kaprinta kake, hakuna aliyepepesa.

Shemeji alitazama kimya. "Nyumbu huwezi kumwambia afumbe," akanong'ona.

Jioni mgeni alistahili kitoweo. Mama watoto ndiye aliyemchagua mbuzi. "Yule," akasema, "mwenye pasipoti."