Sifa za Vumbi Katika Kifyatulio cha Bunduki

Miongoni mwa watumishi wote wa Mkoa wa Katavi, hakuna aliyenyimwa heshima yake kama vumbi, hususan lile linaloingia katika kifyatulio cha bunduki, yaani ulimi wa chuma unaovutwa kwa kidole pamoja na vipande vidogo vilivyojificha juu yake. Viboko wanaorundikana katika madimbwi ya Mto Katuma wakati wa kiangazi wamepigwa picha na kusifiwa, na hata mbung'o amepata watetezi wanaodai kwamba bila yeye pori lingekwishajaa ng'ombe. Lakini vumbi, ambalo hufika lindoni kabla ya askari na kubaki naye hadi arudi, halijapata hata barua ya shukrani.

Sifa yake ya kwanza ni uadilifu. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998 hadi kufikia takriban kilomita za mraba 4,471, haina kona ambayo vumbi halijaikagua, nalo halitofautishi bunduki ya askari wa uhifadhi na gobore la jangili, yaani bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Ni kweli kwamba gobore lina mgeni mwingine, masizi ya baruti nyeusi, ambayo hunyonya unyevu na kuleta kutu. Lakini masizi huja baada ya mlio, ilhali vumbi lina adabu ya kutangulia.

Ukarimu wake huonekana vyema ndani ya mtambo wenyewe. Bunduki ikishakokiwa, pini inayogonga fataki ya risasi huzuiwa na kizuizi cha chuma ambacho ukingo wake ni mwembamba mno, na kuvuta kifyatulio ni kukiondoa kizuizi hicho. Chembe chache zikichanganyika na mafuta yaliyoganda, kizuizi huweza kushindwa kurudi mahali pake kikamilifu, na bunduki ikawa tayari kulia kwa kugongwa tu. Wanaolilaumu vumbi peke yake wakumbuke kwamba mwaka 2014 kampuni ya Remington ya Marekani iliita kiwandani bunduki zake za Model 700 kwa sababu ya gundi iliyozidi ndani ya kifyatulio. Vumbi la Katavi halikuhusika.

Hata hivyo fadhila yake kubwa ni kwamba humlazimisha mwenye bunduki kuitoa risasi. Hakuna anayeweza kulifuata vumbi huko ndani kabla ya kuelekeza mtutu upande usio na mtu, kuchomoa magazini, kufungua bolti, kisha kuitazama chemba, yaani tundu risasi inamokaa, na kuipapasa kwa kidole, kwa maana macho ya mtu aliyechoka huona anachotarajia. Risasi zote hupelekwa chumba kingine. Ibada hii, ambayo hotuba nyingi hazijafaulu kuizoesha, vumbi huidai bila kusema neno.

Adui wa kweli, kikulacho ki nguoni, ni mafuta yanayopakwa kwa mapenzi. Mafuta ya kula hugeuka utomvu, na mafuta mazito yakimiminwa humkaribisha mgeni aliyekuwa akifukuzwa. Kinachofaa ni brashi laini, kisafishio kinachokauka bila kuacha utando, na tone moja la mafuta mepesi ya bunduki kwenye ncha ya sindano, tena pale tu ambapo mtengenezaji ameruhusu, kwani vifyatulio vingine hutakiwa kubaki vikavu. Skurubu za kupunguza uzito wa kuvuta haziguswi, wala tupa haina kazi hapo.

Chemba ikishakaguliwa upya, bunduki tupu hukokiwa, kifungio cha usalama huwekwa na kifyatulio huvutwa: pini isianguke, wala isianguke kifungio kinapoachiliwa kidole kikiwa mbali. Ikianguka, bunduki huenda kwa fundi wa silaha mwenye leseni, naye akiwa na busara hulitazama vumbi kabla ya kulifuta: chembe nyekundu zilizo kavu humwambia kwamba bunduki ilisafiri bila mfuko, na tope jeusi linalonata humwonyesha nani alikuwa na chupa ya mafuta mkononi.