Thamani dha Thamani

Nina miaka 46, nafundisha Kiswahili kidato cha tano hapa Dar es Salaam, na tangu Jumatatu ya wiki iliyopita nina kithembe.

Kithembe chenyewe nimekilipia, tena kwa awamu tatu. Meno yangu ya mbele ya chini yalikuwa yamebanana kama abiria wa daladala ya Mbagala jioni, moja limegeukia dirishani. Nyaya za chuma nilizikataa. Mwalimu ukiwa na nyaya mdomoni, wanafunzi wanakuhesabu mwenzao. Ndipo daktari akanitolea alaina: maganda mawili ya plastiki angavu, la juu na la chini. Unayavaa saa 22 kwa siku, na baada ya wiki mbili unahamia jozi nyingine. Kila jozi inasogeza jino kama robo milimita. Zangu ni jozi 24.

Usiku wa kwanza taya lilikuwa linadunda, usingizi hauji, nikachukua simu kusoma nani alituletea balaa hili. Kumbe kampuni ya kwanza ilianzishwa California mwaka 1997 na Zia Chishti na Kelsey Wirth, ambao walikuwa wamesomea biashara Stanford. Udaktari wa meno, hakuna aliyeusomea. Nikamwamsha mke wangu. “Thikilidha hii,” nikamwambia. Alikurupuka akawasha taa, akidhani nimepata kiharusi.

Kuvaa si kazi. Kazi ni kuvua, maana chochote kisicho maji kikitaka kupita, lazima uvue. Unaanzia magego ya nyuma, upande wa ndani: unaingiza ukucha, unavuta, linaachia kwa mlio kama kopo la majarini likifunguliwa, kisha uzi wa mate unakufuata hadi kwenye tai. Mimi hufanya hivyo nikiwa nimeutazama ukuta.

Siku ya tatu nilivua kwa mama ntilie, nikayafunga maganda kwenye tishu, nikaweka pembeni ya sahani. Nikala wali samaki kwa raha zangu. Nilipofika geti la shule, ulimi ukapita kwenye meno ukakuta yako uchi.

Nikarudi mbio. “Mama, nimesahau meno hapa!”

Akanitazama mdomoni. “Mbona yapo yote, mwalimu?”

Sikuwa na pumzi ya kueleza. Nikapiga magoti kwenye ndoo ya makombo, inayosubiriwa na nguruwe wa mtu, nikapekua miiba ya samaki na maganda ya ndizi, mikono imezama hadi kwenye saa. Mteja mmoja aliacha kula, akauliza kwa upole kabisa, “Mshahara bado haujatoka, mwalimu?” Niliyapata. Nikayasugua bombani kwa maji baridi, kwa sababu ya moto yanayapinda, nikayasugua tena, na bado jioni nzima niliisikia harufu ya changu.

Lakini yote hayo ningeyamaliza kimyakimya kama kipindi cha kesho yake kisingekuwa cha vikwamizi. Kwenye /s/ ncha ya ulimi husogea karibu na ufizi. Kwenye /th/ hujipenyeza katikati ya meno. Wangu sasa ukielekea ufizini unagonga plastiki, unateleza mbele. Nikaita mahudhurio: Thalum, Dhainabu, Thuthana. Darasa zima vichwa chini ya madawati.

Sasa, mimi ni mzaliwa wa Bukoba. Nilikotoka, /th/ na /dh/ tulikutana nazo shuleni na hatukuelewana. Miaka 20 naandika “thamani” ubaoni na kusoma “samani”, naandika “dhahabu” na kusoma “zahabu”, na mwaka huu mstari wa mbele ameketi binti wa Unguja ambaye kila nikisoma huinama ghafla kutafuta kalamu isiyopotea.

Nikaandika mfano wangu wa kila mwaka: samani za thamani. Huwa nausoma “samani za samani” kisha naukimbia. Safari hii ikatoka, “Thamani dha thamani.”

Binti wa Unguja akanyanyua uso. “Mwalimu! Hilo la mwisho umelipatia!”

Nikajaribu “dhahabu”. Safi. “Dhambi”, “thelathini”, “methali”: nilikuwa kama niliyelelewa Mji Mkongwe. Makofi yakapigwa. Kengele ikalia, nikawatangazia kuwa ni thaa thita.

Leo ni siku ya kumi na ulimi umeshaanza kuizoea plastiki. Jana nimesema “samani” pale palipoandikwa “thamani”, na kalamu ya yule binti ikapotea tena. Jozi ya pili naivaa Jumatatu, na jozi mpya hubana upya. Nimemwomba mwalimu wa taaluma marudio ya vikwamizi ayaweke siku hiyohiyo, kipindi cha kwanza.