Bastola Imeletwa Mlangoni, Baruti Imegoma

Lancaster, Pennsylvania

  

Mjomba, umeniuliza kwenye simu kama ni kweli nimenunua bastola, maana habari imefika huko nyumbani Muheza kabla ya pesa niliyotuma. Ni kweli, lakini mwambie shangazi asianze kisomo. Bastola yenyewe ni ya kushindilia kwa mdomoni, ya jiwe la gumegume, ukoo mmoja na lile gobore la marehemu babu. Mtutu mmoja, risasi moja. Ikishalia, unasimama hapo hapo ndani ya moshi ukitumaini mnyama hana kinyongo, kwa sababu kuishindilia upya kunataka dakika nzima na vidole visivyoganda.

Jimbo hili lina msimu wa kuwinda kulungu kwa gumegume peke yake, ulioanza 1974. Kwa kawaida unafunguliwa siku inayofuata Krismasi, mara nyingine theluji ikiwa imefika kwenye kifundo cha mguu. Bunduki iwe ya kale kweli au nakala ya zile za kabla ya 1800. Bastola nayo inakubaliwa mradi tundu la mtutu lisipungue nusu inchi. Watu wanaotoka kuwinda siku hizo si wanyonge, Mjomba. Wana bunduki za kisasa kabatini zenye darubini za kumwona kulungu akiwa kata ya jirani. Wanaziacha makusudi, wanachukua gobore, wanakwenda kuteseka porini, jioni wanarudi mikono mitupu wakiwa na furaha ambayo sijaielewa mpaka leo. Kwetu mwenye gobore ndiye aliyekosa kitu bora. Ukumbuke nalo halikuanguka toka mbinguni: Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha upenyo kwa magumegume na baruti ya kawaida. Mataifa makubwa yalikaa kitako yakaamua hiyo ndiyo silaha ya kiwango chetu. Sasa wajukuu zao wanalipia kibali cha ziada ili waitumie.

Kichekesho kingine ni sheria. Huko nyumbani mtu akitaka kumiliki gobore aanzie kwa mtendaji wa kijiji, apande ngazi mpaka polisi, na kila meza mwenyewe ametoka kidogo. Huku sheria kuu ya bunduki ya 1968 inazihesabu silaha za kushindilia kuwa vitu vya kale, hata zilizotoka kiwandani juzi. Yangu imetengenezwa Italia, kwenye mji wa Gardone Val Trompia ambako mafundi wamekuwa wakichonga bunduki kwa karne nyingi. Kijana wa vifurushi aliiweka juu ya zulia la mlangoni, akapiga picha mlango kama ushahidi, akaondoka. Hakutaka hata sahihi. Nikivuka kuingia New Jersey, jimbo la jirani, bastola hiyo hiyo ni silaha kamili yenye kibali chake. Kwa hiyo sivuki nayo.

Baruti ndiyo iliyogoma. Baruti nyeusi halisi ni kilipuzi mbele ya sheria. Duka linaloiuza linahitaji leseni na ghala maalumu, na anayeisafirisha anatoza ada ya mzigo wa hatari. Matokeo yake maduka mengi makubwa ya michezo hayaiweki. Lakini mimi raia wa kawaida sheria ya nchi nzima inaniruhusu kuwa na ratili 50, kilo 22 na ushee, mradi ni kwa ajili ya silaha za kale. Tafakari hapo, Mjomba: mwenye duka haaminiki, mwenye jiko la gesi na watoto wawili anaaminika.

Nilikwenda dukani na jirani yangu, seremala mstaafu, ambaye nitamwita Mzee kwa kuwa ndivyo ninavyomwita hata usoni na amekwishazoea. Kijana wa kaunta alitupokea kwa bashasha. Akaanza na vidonge: baruti iliyogandamizwa, haihitaji kupimwa, unadondosha kimoja au viwili. Nikahisi niko zahanati. Tatizo ni kwamba kidonge chake cha kawaida ni cha greni 50, na bastola ndogo namna yangu inataka greni 30 au chini yake. Nikauliza kama naweza kukikata. Kijana akasema hapana, kiwanda kinakataza. Ndiyo maana, Mjomba, mwenye bastola atafute baruti ya punje, ile inayomiminwa, ili apunguze na kuongeza kwa kadiri mtutu wake unavyokubali.

Kijana akahamia kwenye makopo ya punje. La kwanza Pyrodex, iliyobuniwa na Dan Pawlak miaka ya 1970 iwe mbadala wa baruti nyeusi isiyosumbua sana wenye maduka. Pawlak mwenyewe alifia kiwandani kwake mwaka 1977, kazi hiyo ikamgharimu roho, na kila ninapoliona kopo namkumbuka. La pili Triple Seven, isiyo na kiberiti, kwa hiyo hainuki sana na inasafishika kwa maji matupu. Ina nguvu kuliko nyeusi, hata walioitengeneza wanashauri upunguze kipimo kwa asilimia 15. La tatu Blackhorn 209, bei yake inatosha mchango wa harusi, haiachi masizi mengi. Kijana aliisifu mpaka nikadhani ana hisa.

Mzee alikuwa amekaa kimya akichezea kofia. Mwisho akauliza swali moja tu: "Bastola ya huyu inawashwa na nini?"

Nikasema jiwe.

"Basi twende zetu."

Nje, ndani ya gari, alinifafanulia. Baruti hizo mbadala zinataka moto mkali kuliko ule wa kuwashia baruti nyeusi. Bunduki za fataki, kile kidude kinacholipuka kikigongwa, zinautoa, na Blackhorn haitosheki hata na fataki ndogo, inataka ile kubwa ya bunduki za kisasa. Gumegume linatoa cheche tu. Cheche inaanguka kwenye kifa, kile kibakuli kando ya mtutu, inawasha baruti kidogo iliyomo, na mwali unapenya kwenye tundu jembamba kuifuata iliyo ndani. Safari yote hiyo ni ya moto dhaifu. Baruti nyeusi inaupokea. Zile nyingine mara nyingi zinautazama tu, na wewe umeshanyoosha mkono mbele ya kulungu ambaye sasa anakushangaa. Kuhusu baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, Mzee hakufafanua sana. Alinionyesha kiganja, akavikunja vidole viwili, kisha akasema hata chembe usitie, mtutu utapasuka.

Kwa hiyo tunarudi kwenye mapishi ya zamani: shura sehemu 75, makaa 15, kiberiti 10. Karne zimepita na hakuna aliyeongeza kiungo cha maana. Tofauti iko kwenye ukubwa wa punje, na makopo yanauandika kwa herufi F. Ikiwa moja, punje ni kubwa, za mizinga na mitutu mipana sana. Mbili ni za bunduki ndefu za tundu kubwa. Tatu ni za bastola na bunduki za tundu dogo, kila punje iko chini ya milimita moja. Nne ni laini kabisa, za kutia kwenye kifa. Sababu yake mwanamke yeyote wa jikoni anaijua: vijiti vyembamba vinashika moto wote kwa pamoja, gogo linaungua taratibu. Mtutu wa bastola ni mfupi, risasi inaupita kufumba na kufumbua, na baruti ambayo haijamaliza kuungua inatoka nje bure. Mzee alinithibitishia shambani kwake. Alifyatua kwa F mbili juu ya theluji safi, tukaenda kuangalia: punje nyeusi ambazo hazikuungua zimetapakaa mbele yetu. Akafyatua kwa F tatu, theluji ikabaki na masizi tu. Somo zuri kuliko yote niliyopata nchi hii, na halikuwa na karo.

Baruti yenyewe tuliipata kwenye duka dogo nje ya mji, mwenye duka akiwa ndiye mhasibu, ndiye mlinzi, ndiye mzungumzaji. Alikuwa na aina mbili za F tatu. Moja ya Uswisi, ya bei, inayosifika kwa punje zake sawasawa na nguvu zake. Nyingine GOEX, ya hapa hapa Marekani, ambayo zamani ilitoka Moosic, kaskazini mashariki mwa jimbo hili, kabla kiwanda hakijahamia Louisiana. Wapenzi wa shabaha wanaweza kubishana juu ya hizo mbili mpaka chai ipoe. Mimi nilichukua GOEX. Bastola hii ni ya kulenga hatua ishirini na tano, si zaidi, na kwa umbali huo sijasikia kulungu aliyelalamikia chapa.

Upimaji wao ungekuchekesha. Greni ni kipimo cha uzani, ratili moja ina greni 7000, lakini baruti nyeusi wanaipima kwa ujazo, ndani ya kikopo cha shaba chenye mistari. Greni 30 hazifiki hata gramu mbili, yaani chini ya nusu ya kijiko cha chai. Hicho ndicho kinachosukuma goroli la risasi la gramu kumi na moja na ushee, lililofungwa kitambaa chenye mafuta. Na hakuna kumimina kutoka kwenye kopo moja kwa moja mtutuni, hata ukiwa na haraka ya namna gani: cheche iliyojificha chini kutoka mlio uliopita itapanda na kulifuata kopo zima mkononi mwako. Unamimina kwenye kikopo, unafunga kopo, unaliweka mbali, ndipo unajaza. Mzee alianza na greni 20 akapanda tano tano, akitoboa karatasi, mpaka matundu yalipokaribiana. Yalikaribiana kwenye 30. Kupita hapo mkono ulirushwa juu na karatasi ikapona.

Tulipita pia Wilmington, Delaware, mwendo wa kama saa moja, kuona mahali ambapo Mfaransa E. I. du Pont alianzisha kinu cha baruti mwaka 1802 kando ya mto Brandywine. Siku hizi ni makumbusho, inaitwa Hagley. Vinu vilijengwa kuta nene za mawe pande tatu, upande wa nne wa mtoni ukaachwa mwepesi, na paa jepesi, ili kinu kikilipuka kilipukie majini. Wafanyakazi, wengi wao Waayalandi, walivaa viatu vya vigingi vya mbao badala ya misumari. Mtu akifa kwa mlipuko, wenzake walisema amevuka mto. Mwenye mali alijenga nyumba yake hapo juu, karibu kabisa na vinu, na kwa hilo namheshimu. Nimefanya kazi kwa mabosi wanaoishi mbali hata na kelele za mashine zao.

Sasa habari ya nyumbani kwangu. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu yake inabaki yabisi, moshi na masizi, na masizi hayo yanavuta unyevu. Usiposafisha siku hiyo hiyo, asubuhi mtutu una kutu. Dawa ni maji ya moto na sabuni, jambo ambalo lilionekana jepesi mpaka lilipokutana na mke wangu. Kiberiti kilichoungua kikiguswa na maji kinatoa harufu ya mayai viza. Alitoka chumbani akiwa ameziba pua na kanga, akaliangalia sinki lake, akaniangalia mimi, akauliza kama hiyo ndiyo starehe ya wenye nchi. Tangu hapo bastola inaoga nje, kwenye ndoo yake, na ndoo imeandikwa kwa wino mwekundu isije ikaingizwa jikoni.

Kulungu je? Wakati msimu umefungwa wanakula maua ya jirani mchana kweupe. Msimu ukifunguliwa wanahamia hatua sabini kutoka ulipo, kana kwamba wameisoma sheria. Mmoja alisogea, akafika nusu ya umbali huo, nikainua bastola, Mzee akanishika mkono: bado. Kulungu akaenda zake. Gumegume lina faida moja kwa Mwislamu, kati ya kufyatua na kulia kuna kanafasi, hata aliyechelewa atawahi Bismillah. Ila nyama tuliyokula ilikuwa ya dukani.

Kwa hiyo mwenye kuuliza, mjibu hivi: bastola ya jiwe, baruti nyeusi halisi, F tatu, ratili moja, na hiyo hiyo aitie na kwenye kifa. Kopo la F nne ni mapambo. Mwenye bastola ya fataki anaweza kumsikiliza yule kijana wa dukani, akiacha vidonge na Blackhorn.

Na msiniombe niwaletee. Baruti haipandi ndege, haipiti posta, na mimi nina watoto. Ninachoomba ni kimoja. Mdeki, ule ufito wa kushindilia, huku ni wa mti wa hickory, na Mzee anataka kujua babu alichonga wa kwake kwa mti gani, maana nilimwambia haukuwahi kuvunjika. Waulize wazee wa kule Amani wanaokumbuka, unipigie mapema.